Kabla hujatoka kliniki ya ICD, soma na upande wa shoti

Wenye ICD, kile kifaa kinachopandikizwa mwilini kuupiga moyo shoti ya umeme ukienda ovyo, wengi wakifika kliniki swali ni moja tu, betri imebaki miaka mingapi, wakishajibiwa haooo nyumbani. Betri sawa, lakini kile kifaa umewekewa kwa ajili ya shoti, na jinsi umeme unavyotoka ndo inaamua kama miaka ijayo kitaweza kuutuliza moyo ukianza kutetemeka ovyo bila kusukuma damu.

ICD ya kwanza kuwekwa kwa mtu ilikuwa 1980, hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, timu ya Dk. Michel Mirowski. Shoti za enzi hizo umeme ulikuwa unaenda upande mmoja tu, na kifua kilipasuliwa. Miaka ya 90 ikashika shoti ya awamu mbili: umeme unaanza upande huu, katikati unageuka, yote ndani ya milisekunde kama 10 hivi. Inahitaji nguvu kidogo, kwa hiyo waya wa kupeleka shoti moyoni unapita kwenye mshipa bila kupasua kifua. Halafu, na hili ndo la maana kwa miaka mingi, ile ya upande mmoja ilikuwa na tabia ya kudai nguvu zaidi kadiri muda unavyokwenda, ya awamu mbili kwa wengi inabaki palepale.

Sasa omba ripoti iliyoprintiwa. Tafuta ukinzani wa waya wa shoti, yaani umeme unavyopata ugumu kupita, unaandikwa kwa ohm, kisha linganisha na ripoti za nyuma, maana namba moja peke yake haisemi kitu. Vifaa vingi vinakata awamu volti zikishashuka asilimia fulani, kwa hiyo ukinzani ukipanda shoti inarefuka. Chukua kapasita (sehemu ya kifaa inayotunza umeme wa shoti) ya maikrofaradi 150, volti zishuke nusu: kwenye ohm 50 awamu ya kwanza ni kama milisekunde 5, kwenye ohm 80 inapita 8. Ikirefuka sana kazi yake inapungua, na ohm zikiruka ghafla uliza kama waya una shida.

Uliza pia akiba. Madaktari wamezoea kutaka tofauti ya angalau juli 10 (juli ni kipimo cha nguvu ya shoti) kati ya nguvu inayotosha kuutuliza moyo wako na ile kubwa kabisa ya kifaa. Akiba ikiwa ndogo wanaweza kugeuza mwelekeo wa umeme, au kubadili urefu wa awamu kwa vifaa vinavyoruhusu, au kuongeza waya. Hizo wafanye wao, wewe kazi yako ni kuuliza bila kuona aibu.

Dawa nazo usizifiche jamani, hasa amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo, inaweza kupandisha nguvu inayohitajika, kwa hiyo ukianzishiwa na daktari mwingine waambie kliniki wapime upya. Na ukipigwa shoti mbili mfululizo, au moja tu halafu hujisikii vizuri, usisubiri siku ya kliniki, nenda hospitali saa hiyohiyo.