Gari la umeme mtupu au haibridi ya kuchaji? Anza na soketi ya nyumbani

Kabla ya kuulizia bei, angalia unapoegesha. Ukiwa kwenye fleti Pipeline au Kasarani, Nairobi, bila soketi yako karibu na gari, haibridi ya kuchaji (yenye injini ya petroli na betri ya kuchomeka) itakunywa petroli kila siku huku ikibeba betri bure. Afadhali haibridi ya kawaida, isiyochomekwa.

Una soketi? Pima safari zako za wiki nzima. Mitsubishi Outlander PHEV (haibridi ya kuchaji) za awali zina betri ya 12 kWh (uniti 12 za umeme). Kwa umeme pekee tarajia kilomita 35 hivi. Kitengela hadi mjini unafika, lakini kurudi ni petroli usipochaji kazini. Nissan Leaf ya 40 kWh, ambayo ni ya umeme mtupu, kwa mwendo wa kilomita 6 kwa kila kWh, inakupa kama kilomita 240: mjini inatosha kabisa. Kwa anayeenda Mombasa mara kwa mara, haibridi ina raha zaidi.

Leaf iliyotumika, usiiamini dashibodi tu. Chomeka kifaa cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari), fungua programu ya Leaf Spy kwenye simu, usome SOH, yaani afya ya betri. Ikiwa 75%, ile 240 inashuka hadi 180.

Kosa linalounguza nyumba ni waya wa kuchaji wa Kijapani kubadilishiwa plagi tu. Waya huo unaweza kuvuta ampia 15 kwa saa nyingi, na plagi ya ampia 13 huyeyuka. Mwite fundi avute waya wake wa milimita 4 mraba, wenye ethi, breka ya ampia 16 na soketi ya buluu ya ampia 16.