Jinsi ya kuyajua mashimo ya kamba wa kale kwenye mwamba

Kwanza sahau habari ya kumtafuta kamba mwenyewe, yule mnyama wa baharini, ni nadra kumpata, gamba lake jepesi mara nyingi limeshaoza zamani, kilichobaki ni nyumba, yaani shimo alilochimba. Na majina ya kisayansi kama Ophiomorpha, utakayoyakuta hapa chini, ni ya shimo sio ya mnyama, watu wengi hapo ndo wanachanganya.

Tafuta jiwe la mchanga ambalo zamani lilikuwa ufukwe au bahari ya kina kifupi, nenda asubuhi au jioni jua likiwa linapiga kwa upande maana saa sita mchana huoni kitu. Ukiona kama bomba limelala au limesimama, unene wa kidole hivi au zaidi, lifuate kwa macho. Likizidi kuwa jembamba kadiri linavyogawanyika, huo ni mzizi, achana nao. Shimo la kamba halipungui hovyo.

Sasa pitisha kidole ukutani, hapa ndo utamu ulipo. Nje vinundu vinundu kama limepachikwa shanga, ndani laini kabisa, basi ni Ophiomorpha. Kamba alikuwa anafinyanga vidonge vya tope na mchanga anavibandika ukutani mchanga usimporomokee, alafu ndani anasawazisha ili apite vizuri na maji yapite, fundi haswa. Mwaka 1964 watafiti Weimer na Hoyt walilinganisha mashimo ya Callianassa major, kamba aliye hai mpaka leo, na haya ya kwenye mawe, yakafanana mno.

Kama hakuna vinundu ila linagawanyika kama herufi Y na pale kwenye njia panda pamevimba, hiyo Thalassinoides, tope lilikuwa gumu kiasi halihitaji plasta. Mnyama yule yule anaweza kujenga aina zote mbili, kwa hiyo bomba likianza na vinundu likaishia laini msigombane, udongo tu umebadilika. Kule Uingereza kwenye chokaa nyeupe, mengi ya yale mawe ya gumegume yenye maumbo ya ajabu yalijitengeneza humo humo kwenye mashimo haya.

Ukuta una mikwaruzo? Spongeliomorpha, alama za miguu akichimba.

Nyundo iache begini. Piga picha ya juu na ya ubavuni, weka rula pembeni, na uandike upande gani ni juu, maana ukishaondoka picha ya shimo la wima na la kulala huwezi kuzitofautisha, mi yamenikuta.