Bega la Roshani: Mkono Unaosimama Bila Wanga

Ukipita Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, milango ya nakshi iache kwanza. Nakshi zinafaa kuigwa kwenye tarizi. Inua macho uangalie roshani. Zimetokeza nje, lakini uzito wake unarudi ukutani kupitia vikono vya mbao vilivyo chini. Bega linalosimama, yaani pepeo la marinda lililosimama begani mwa nguo, hushonwa kwa akili hiyohiyo. Umbo lenyewe twalichukua kwenye gele, kilemba cha wanawake wa Kiyoruba, ambacho marinda yake hufunguka kama pepeo.

Wanga usikushawishi. Hewa ya Mombasa ina unyevu, na pepeo lililosimama asubuhi huwa limelala kufikia adhuhuri. Wapo wanaotoa hoja kwamba Wayoruba nao hutumia uji wa muhogo kwenye adire eleko, kitambaa chao cha nili chenye michoro. Ni kweli, lakini pale uji unazuia rangi ya nili isiingie kwenye michoro, kisha unaoshwa. Gele husimama kwa sababu kitambaa chake ni kigumu tangu dukani.

Kwa kila bega kata kipande cha sentimita 93 kwa 40. Ukitumia leso, kata kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, na jina (maandishi yake) uliweke kando, la sivyo watu watasoma nusu ya methali begani mwako. Leso ni laini, kwa hiyo igandishe kanvasi ya gundi kwa pasi, ila gundi iishie sentimita 2 kabla ya kingo mbili ndefu. Ukingo huo ndio utakaoshonwa, na kwenye marinda hukutana tabaka 6 za kitambaa. Ukiongeza kanvasi, sindano itavunjika. Tumia sindano namba 16.

Aso oke, kitambaa cha kufumwa cha Wayoruba, haihitaji gundi, lakini ina lake. Hufumwa kwa kanda nyembamba ambazo baadaye huunganishwa, na upana wa ukanda hutofautiana. Kanda zifuate urefu wa rinda, kisha upime. Ukanda wa sentimita 12 hubeba marinda mawili ya 6. Wa 10 hubeba mawili ya 5, na hapo marinda yawe 18 badala ya 15. Lengo ni mshono wa kuunganisha kanda uangukie ndani ya rinda kila mara. Ukitokea kwenye mkunjo wa nje, rinda litakuwa nene kama kamba na halitalala. Piga ovaloki mara tu unapokata, kwani huchanika nyuzi haraka.

Kunja sentimita 1.5 kila upande mfupi, ibaki 90. Upande wa ndani, shona vijia vitatu vya utepe wa pamba vya kupitishia plastiki, mahali patakapokuwa nyuma ya rinda la 3, la 8 na la 13. Kunja kipande katikati kwa urefu, kisha piga mshono milimita 6 kutoka kwenye mkunjo ili upate njia ya mshipi wa kuvulia samaki. Sasa panga marinda kwenye ukingo wa chini: kila moja linakula sentimita 6 na kuonyesha 2, hivyo 90 zinakuwa 30. Bega la kulia lielekee upande mmoja na la kushoto upande wa pili; kosa hili huharibu kazi kuliko lolote, na mara nyingi huonekana nguo ikishavaliwa.

Piga pasi sentimita 8 za chini tu, kwa kitambaa kibichi juu yake, halafu kandamiza kwa ubao mpaka ipoe kabisa. Ukiondoa ubao pangali moto, marinda hurudi. Pasi itangulie plastiki, maana mshipi huyeyuka.

Ndipo upitishe mshipi wa kuvulia wa milimita 1. Uchovye kwanza kwenye maji moto na uuvute unyooke, kwani huwa umezoea mzingo wa rili. Ncha zichome kidogo kwa kiberiti zifanye kidonge, zisitoboe nguo. Kwenye vijia ingiza vifungio vipana vya plastiki vya kufungia nyaya, vilivyokatwa sentimita 16 na kusuguliwa ncha. Waya usitumie: chumvi ya bahari na jasho vitaushikisha kutu.

Vikono vya roshani yetu ni kanvasi ngumu, upana sentimita 8, kutoka shingoni hadi kwenye mzunguko wa mkono, kati ya nguo na bitana. Bila hiyo pepeo huanguka nje na kuburuta mshono wa bega. Shingo pana pia haifai, haina pa kushikia. Rinda la katikati likae juu ya mshono wa bega, kwenye mzunguko wa mkono, na ushone kwa mkono ili pepeo litoke siku ya kufua.

Kabla ya kugusa kitambaa cha thamani, shona lote kwa marekani, ulivae, uinue mikono na uingie kwenye tuktuk. Likigonga sikio, au mwenye nguo akitaka kufunga kilemba, shusha urefu wa pepeo unaoonekana kutoka sentimita 18 hadi 14.