Kupima simiti ya meno kwa ndimu, soda na magadi

Mama mmoja wa hapa Kisumu alinijia na krauni yake (kofia ya jino) ameifunga kwenye leso. Ilikuwa imechomoka akila, na ndani yake simiti iliyoibandika ilibaki kama ukoko wa chokaa. Alikuwa na mazoea ya kula maembe mabichi na ndimu kwa chumvi kila siku, lakini alichokitilia shaka ni kingine: "Daktari, ni magadi ya mrenda yameing'oa?"

Nilimjibu kwa yale niliyosoma chuoni, na sikuridhika. Tangu hapo kila mwanafunzi anayekuja kliniki kwetu kwa mafunzo namfanyisha jaribio hili la kuona kila simiti huliwa kiasi gani na ndimu, soda na magadi. Halihitaji mashine kubwa, na ukilifanya mara moja hutachagua tena simiti kwa mazoea tu.

Hatua ya 1: Tengeneza vibao vya akriliki

Wengi hukimbilia mizani: wanatengeneza kidonge cha simiti, wanakipima, wanakiloweka, wanakikausha, wanakipima tena. Usifanye hivyo. Simiti nyingi za meno zimeshika maji ndani yake, na ukizikausha zinapasuka na kupungua uzito hata kama hakuna kilichoyeyuka. Seti yangu ya kwanza yote iliharibika hivyo, na glasi ayonoma, aina ya simiti utakayoikoroga katika hatua ya 2, ndiyo iliyoumia zaidi.

Pima kina badala ya uzito. Chukua mabaki ya akriliki (plastiki ngumu) ya meno bandia, yakate vibao vya ukubwa wa kiberiti, kisha toboa katika kila kibao shimo la upana wa milimita 5 na kina cha milimita 2. Asidi dhaifu na magadi haviili akriliki kwa siku moja, kwa hiyo uso wa kibao ndio utakaokuwa alama yako ya sifuri. Simiti ikiliwa, itashuka chini ya alama hiyo. Andaa vibao vitatu kwa kila simiti katika kila kimiminika, maana kimoja pekee kinaweza kukudanganya.

Hatua ya 2: Koroga kama unavyomkorogea mgonjwa

Hapa ndipo matokeo yanapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishe.

Zinki fosfeti ni unga wa oksidi ya zinki wenye oksidi kidogo ya magnesi, unaochanganywa na asidi ya fosforasi. Mchanganyiko hutoa joto, ndiyo maana tunatumia kioo kilichopozwa na kuongeza unga kidogo kidogo huku tukiutandaza. Angalizo kwa sisi wa kando ya ziwa: hewa yetu ina unyevu, na kioo kilichotoka kwenye friji hutoa jasho papo hapo. Maji hayo yakiingia, umeshabadilisha simiti. Kipoze kiasi, kikaushe, kisha koroga.

Zinki polikaboksileti, aliyoibuni Dennis Smith huko Manchester mwaka 1968, hutumia asidi ya poliakriliki. Glasi ayonoma ya Alan Wilson na Brian Kent, iliyotoka London miaka michache baadaye, hutumia asidi ya jamii hiyo hiyo lakini unga wake ni wa kioo chenye kalsiamu, aluminiamu na floraidi. Hizi mbili zikorogwe haraka na zitiwe shimoni zikiwa bado zinang'aa. Mng'ao ukipotea, tupa, koroga upya.

Fuata kipimo cha kijiko kilichokuja na chupa. Kisha tengeneza seti moja ya ziada kwa makusudi, yenye unga pungufu, nyepesi kama uji. Utaihitaji mwishoni.

Jaza shimo lifurike kidogo, funika kwa ukanda wa plastiki, kandamiza kwa kioo, na uache kwa saa moja kwenye joto la nyuzi 37 penye unyevu. Beseni la maji la maabara linatosha. Baadaye sugua kwa msasa laini uliolowa mpaka simiti na akriliki viwe sawa kabisa.

Hatua ya 3: Andaa vimiminika

Maji safi ya kuongezea betri (si asidi ya betri), soda ya kola iliyotolewa gesi, maji ya ndimu yaliyochujwa (zangu hutoka soko la Kibuye), na kijiko cha chai cha magadi katika nusu lita ya maji. Pima pH, yaani kipimo cha uchachu, kwa karatasi na uandike. Kola na ndimu zote huwa kati ya 2 na 3, magadi karibu 10. Tia mililita 30 kwa kila kibao, funika, acha kwa saa 24 kwenye nyuzi 37. Vaa glavu na miwani. Soda kali ya kufungulia mabomba usiigeuze kuwa sehemu ya jaribio hili, inachoma ngozi na macho.

Hatua ya 4: Pima kina

Suuza kibao, futa maji ya juu bila kukikausha, na upime mara moja kwa maikromita ya kina. Kama huna, fundi wa lathe anayo. Pima katikati ya shimo na sehemu nne kuzunguka, uchukue wastani. Pima pia pH ya kimiminika kilichobaki.

Ili ujue nambari zako zina maana gani: kiwango cha kimataifa cha ISO 9917 hutumia asidi ya laktiki yenye pH 2.74 kwa saa 24, na huruhusu simiti ya kubandikia kushuka si zaidi ya milimita 0.17 kwa glasi ayonoma, 0.30 kwa zinki fosfeti na 0.40 kwa zinki polikaboksileti. Vimiminika vyako si hivyo, kwa hiyo usitoe hukumu ya kufaulu au kufeli. Linganisha tu.

Hatua ya 5: Soma ulichokiona

Jambo litakalokushangaza ni glasi ayonoma. Kola na ndimu zinakaribiana kwa pH, lakini ndimu itaila vibaya zaidi. Asidi ya sitriki ya ndimu haiishii kwenye uchachu wake. Inazikamata ayoni (chembe zenye chaji) za aluminiamu na kalsiamu zinazoishikilia simiti pamoja na kuondoka nazo. Asidi ya fosforasi ya kola haina mkono huo wa kushika. Ndiyo maana namwambia mwanafunzi asimuulize mgonjwa "unakula vitu vichachu?" tu. Amuulize ni vipi, na mara ngapi kwa siku.

Utaona pia kwamba glasi ayonoma imepandisha pH ya asidi iliyoizunguka kidogo. Inaliwa, lakini inaipunguza makali asidi huku ikitoa floraidi.

Kwenye magadi, zinki fosfeti na glasi ayonoma hazitaonyesha mengi kwa siku moja. Oksidi ya zinki huyeyuka katika asidi na pia katika alkali (kinyume cha asidi, kama magadi), ila alkali hiyo lazima iwe kali sana. Ukiwa umeongeza simiti ya mafuta ya karafuu, nusa kikombe chake: harufu ya karafuu ni yujenoli, kiungo cha mafuta hayo, inayotoka, hata kwenye maji matupu. Ndiyo sababu hiyo hubaki kuwa ya muda.

Sasa toa seti yako ya uji. Ndani ya ndimu itakuwa imeshuka kuliko wenzake wa simiti ile ile. Nilipoiona mara ya kwanza nilirudi kwenye ile krauni ya leso na kukiri kwamba huenda mkono wa aliyekoroga ulichangia pamoja na maembe.

Mdomoni mambo ni mapole zaidi. Mate huipooza asidi, na chini ya krauni iliyokaa vizuri simiti huonekana kwa mstari mwembamba tu ukingoni. Kwa hiyo yule mama nilimwambia: magadi ya mrenda hayana hatia, yamepoa ndani ya mboga na hayakai mdomoni. Ndimu apunguze, na akimaliza asukutue kwa maji. Waliozoea kusugua meno kwa jivu nawakanya kwa sababu nyingine: jivu hukwaruza.

Hatua ya 6: Seti ya wiki mbili

Ikiwa una simiti ya resini, usiipime kwa siku moja, utadhani haiguswi na chochote. Iache kwenye magadi wiki mbili, na nyingine kwenye maji, ukibadilisha vimiminika kila siku mbili. Udhaifu wake uko upande wa alkali, ambayo hukata viungo vya kikemia viitwavyo esta ndani ya resini na kulegeza chembe za kioo zilizoshikwa humo. Usitafute shimo. Pitisha sindano juu ya uso wake na juu ya ule uliokaa kwenye maji, kwa uzito ule ule wa mkono, kisha linganisha mikwaruzo miwili kwa lenzi: uso uliolegea hukwaruzika zaidi.