Jinsi ya Kujifunza Sataranji na Kulinda Kiwango Chako kwa Kucheza Mtandaoni

Mtu anaweza kucheza michezo elfu moja ya sataranji mtandaoni na bado akabaki palepale alipoanzia. Mchezaji hujifunza zaidi katika zile dakika chache anazokaa na mchezo uliokwisha, hasa ule aliofungwa, akiutafuta mahali ulipoharibikia. Kwa hiyo ratiba yoyote ya mazoezi ipangwe kuzunguka dakika hizo.

Mahali pa kuchezea hapana shida. Chess.com, iliyoanza mwaka 2007, ina huduma za bure na za kulipia, ilhali Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, haitozi chochote wala haina matangazo. Chagua moja utulie nayo, kwa kuwa alama zinazopima kiwango chako katika mtandao mmoja hazilingani na za mwingine. Lichess humpa mgeni alama 1500 zenye kiulizo pembeni, maana yake ni kwamba mfumo bado haumjui. Usijivunie alama hizo, wala usihuzunike zikiporomoka katika michezo ya mwanzo.

Jambo la kuamua mapema ni muda. Michezo ya dakika tatu inanogesha, lakini mkono hutangulia akili, na makosa yaleyale hurudiwa hadi yakawa mazoea. Kwa anayejifunza, ninapendekeza dakika 15 kwa kila mchezaji, pamoja na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Michezo mitatu ya namna hiyo kwa wiki inatosha. Binafsi niliwahi kukesha nikicheza michezo ya haraka ili kurudisha alama nilizopoteza jioni, nikazidi kuzipoteza. Tangu hapo nikifungwa mara mbili mfululizo, ninafunga programu.

Kabla ya kugusa kete, jiulize hatua ya mpinzani imekuja kufanya nini. Chukua mfano unaowakuta karibu wanafunzi wote: mweupe amesogeza askari hadi e4 (kila mraba hutajwa kwa herufi ya safu yake na namba ya mstari wake), mweusi akajibu e5, askofu mweupe akaenda c4, farasi mweusi akatoka hadi c6, kisha malkia mweupe akaruka hadi h5. Mweusi akifurahia kumtishia malkia na kumpeleka farasi wake wa pili f6, malkia atamla askari wa f7 na mfalme atakuwa amefungwa, kwa sababu malkia huyo analindwa na askofu wa c4. Aliyejiuliza swali lile angesogeza askari hadi g6, akaziba njia ya kwenda f7 na kumlazimisha malkia kuondoka.

Mchezo ukiisha, usikimbilie programu ya uchambuzi. Pitia kwanza mwenyewe, hatua kwa hatua, ukiandika mahali ulipopata shaka na ulichokuwa unakidhania. Baada ya hapo ndipo uwashe Stockfish, ambayo imo ndani ya Lichess, na ulinganishe. Programu itakuonyesha hatua bora, lakini haitakwambia kwa nini wewe hukuiona. Jibu hilo limo katika maandishi yako, na baada ya michezo kumi utagundua kwamba makosa yako ni ya aina mbili au tatu tu. Kuitumia programu hiyo mchezo ukiwa unaendelea ni udanganyifu, na akaunti hufungwa kwa sababu hiyo.

Mafumbo, yaani hali za mchezo unazopewa ili utafute hatua bora, nayo yana nafasi yake: dakika 15 kwa siku, bila kubahatisha, ukiona mfululizo wote wa hatua kabla ya kusogeza kete ya kwanza. Funguzi, yaani mipango ya hatua za mwanzo wa mchezo, zisikushughulishe sana. Moja kwa weupe na mbili kwa weusi zinatosha.

Mwisho wa mchezo ndio unaopuuzwa, nao una faida kubwa kuliko unavyodhaniwa. Weka ubaoni mfalme mweupe e5, askari wake e6, na mfalme mweusi e7, ikiwa ni zamu ya mweusi. Akirudi nyuma wima hadi e8, mchezo ni sare. Akirudi kwa mshazari hadi d8 au f8, mfalme mweupe atasonga mbele na kusimama mkabala naye, d6 au f6, na askari atafika mwisho awe malkia. Tofauti ya mraba mmoja inaamua kila kitu, na hakuna ufunguzi uliokaririwa utakaokuokoa hapo. Cheza hali hiyo dhidi ya kompyuta pande zote mbili hadi mkono uijue.

Ikiwa kazi imekubana, usiache kabisa. Ipo michezo ya siku kadhaa kwa kila hatua, ambayo hukuwezesha kufikiri hatua moja asubuhi na nyingine jioni, na miwili au mitatu kwa pamoja huliweka jicho likiwa kali. Ukirejea baada ya miezi ya kutocheza, jua kwamba Glicko-2, mfumo wa kukokotoa alama unaotumiwa na Lichess, huongeza shaka juu ya kiwango chako kadiri unavyokosekana, hivyo alama zako zitapanda na kushuka kwa hatua kubwa katika michezo michache ya kwanza. Anza na mafumbo kwa siku mbili tatu, kisha ndipo uombe mchezo.