SOMO: Harakati ya kimataifa ya wafanyakazi inajiendeshaje? Kutoka tawi hadi mkutano mkuu

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Kila kundi letu la kusoma likimaliza kikao hapa Makole, simu yangu inajaa maswali yaleyale: bosi wao nani, makao makuu yanaagiza nini, sisi huku tunaingilia wapi. Nimeyajibu mpaka nimechoka. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu.

Mfano wangu mkuu ni IWW, Industrial Workers of the World, umoja wa wafanyakazi ulioundwa Chicago Juni 1905. Nitagusa pia Internasheno, yaani miungano ya kimataifa ya wafanyakazi na vyama vyao: ya Kwanza (London, 1864) na ya Tatu, ya vyama vya kikomunisti, iitwayo Kominterni (Moscow, 1919). Fuateni hatua kwa mpangilio huu huu, kutoka chini kwenda juu. Anayeanzia juu ataishia kujua majina ya viongozi tu.

Hatua ya 1: Mwanachama. Mfanyakazi wa ujira, si mwajiri. Analipa ada, anapewa kadi.

Hatua ya 2: Tawi. Ni wanachama wa sehemu moja ya kazi, au wa mji mmoja. Wanachagua katibu na mweka hazina wao. Kundi la WhatsApp si tawi. Tawi lina kikao, akidi na muhtasari.

Hatua ya 3: Ada. Hapa kwetu wengi tumezoea ada ya chama ikatwe kwenye mshahara kabla hujaushika. Katiba ya IWW inakataza kuingia mkataba wowote unaompa mwajiri kazi hiyo. Kwa desturi yao ya asili ada ilikusanywa na mjumbe wa kazini, aliyetembea na stempu na kuzibandika kwenye kitabu cha mwanachama. Maana yake kila mwezi ilibidi asimame mbele ya mtu, amtazame usoni na asikie malalamiko yake. Chama kinachopata fedha bila kumwona mwanachama kinaweza kukaa miaka bila kumsikia. Sehemu ya fedha inabaki tawini, sehemu inapanda juu.

Hatua ya 4: Mjumbe mwenye maagizo. SOMENI HII MARA MBILI. Makundi mengi huvunjikia hapa, makubwa na madogo.

Mjumbe anayetumwa mkutanoni si mtu aliyepandishwa cheo. Ajenda ya mkutano inafika tawini mapema, tawi linaijadili na kupiga kura hoja kwa hoja, kisha linaandika: hoja ya kwanza apige ndiyo, ya pili apige hapana, ya tatu asikilize kwanza halafu aamue mwenyewe. Hata hiyo ya tatu iandikwe, asije akajipa uhuru ambao hakupewa. Anaondoka na hati ya uwakilishi yenye sahihi. Akirudi anasoma ripoti mbele ya waliomtuma, nao wana uwezo wa kumwondoa siku hiyohiyo.

Tahadhari ya kwanza: kagueni hati kabla ya hoja yoyote. Mkutano wa Internasheno ya Kwanza pale Hague, Septemba 1872, ulitumia siku zake za mwanzo kubishania hati za wajumbe, maana mtu wa London aliweza kushika hati ya tawi la Chicago. Mwishowe Bakunin na Guillaume, wapinzani wa Baraza Kuu la Internasheno hiyo, walifukuzwa, Baraza lenyewe likahamishiwa New York, na mashirikisho yaliyokataa maamuzi hayo yakakutana kivyao Saint-Imier mwezi huohuo. IWW nao mwaka 1908 walimnyima kiti Daniel De Leon, kiongozi wa chama cha Socialist Labor, kwa hoja kwamba tawi lililomtuma halikuwa la kazi yake. Nyuma ya mabishano hayo kulikuwa na ugomvi mkubwa zaidi, kwamba harakati iingie siasa za uchaguzi au isiingie. Lakini mlango uliotumika ni hati. Hati ikiwa na utata, mshindwa hatayakubali matokeo hata kama hoja yake ilikuwa mbovu.

Tahadhari ya pili: mjumbe asibebe hati ya tawi asilolijua. Hataweza kurudi kutoa ripoti kwa watu ambao hajawahi kukaa nao.

Tahadhari ya tatu tunaijua wenyewe. Mwaka 1964 NUTA, chama cha wafanyakazi wa Tanganyika, iliundwa kwa sheria, na sheria hiyo ikampa Rais mamlaka ya kumteua Katibu Mkuu. Michael Kamaliza akawa Katibu Mkuu wa chama na Waziri wa Kazi kwa wakati mmoja. Mjumbe wa kiwandani angekwenda na maagizo mazuri kiasi gani, asingeweza kumwondoa mtu ambaye hakumchagua. Mnyororo ulikatwa juu kabisa.

Hatua ya 5: Kamati ya juu. IWW wana Halmashauri Kuu na Katibu Mkuu ambaye ndiye pia Mweka Hazina. Wanachama ndio wanaowapigia kura. Kazi yao ni kutekeleza.

Hatua ya 6: Mkutano mkuu. Katiba karibu zote husema mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho. Msiishie kwenye maneno hayo, tazameni kalenda. Kanuni za Kominterni za mwaka 1920 zilisema mkutano ukae kila mwaka. Ukakaa 1919, 1920, 1921 na 1922. Baada ya hapo 1924, kisha 1928, kisha 1935, na basi. Mei 1943 ofisi ya juu, Presidiamu ya Kamati Tendaji, ndiyo iliyotangaza kuivunja Kominterni, wala haukuitwa mkutano wa wajumbe. Mikutano inapochelewa, madaraka huhamia kwa waliobaki ofisini, na wala haihitajiki njama yoyote.

Hatua ya 7: Ugomvi. Upo siku zote. Ulizeni kama katiba inaeleza nani anasikiliza mashtaka na nani anapokea rufaa. Mwaka 1924 IWW waligawanyika juu ya nguvu za makao makuu dhidi ya matawi, wakati tayari walikuwa wamedhoofishwa na kesi za serikali ya Marekani. Umoja ule haukurudi tena kwenye nguvu yake ya zamani.

Karibuni maswali.

---

Kijana_wa_Chuo: Mkuu somo refu. Kwa kifupi mwenyekiti wao wa dunia ni nani?

Msomaji wa Makole: Hatua ya 4 na ya 5.

Kijana_wa_Chuo: Nimepitia sijaona jina.

Msomaji wa Makole: Hujaliona kwa sababu somo linahusu jinsi madaraka yanavyopanda na kushuka. Soma, usipitie.

Mama_Mpunguzi: Shikamoo mwalimu. Mimi nafanya kibarua kwenye mashamba ya zabibu. Zabibu zikiisha tunatawanyika, wengine wanakwenda kwenye alizeti Singida, wengine wanarudi Kondoa. Hilo tawi lenye akidi tutalipataje?

Msomaji wa Makole: Marahaba mama, umeuliza la maana kuliko yote. IWW walikwama hapohapo na vibarua wa ngano. Walikuwa wakihutubia barabarani mijini, watu wanapiga makofi, kesho yake wamepanda treni wameondoka. Aprili 1915 wakakutana Kansas City na kuunda umoja wa wafanyakazi wa mashambani. Walichobadilisha ni kuwapa kadi na stempu wajumbe ambao nao ni vibarua, wanaosafiri na mavuno. Akikukuta shambani anakuandikisha, mkihamia shamba lingine bado ni mjumbe wako. Katibu na hesabu zinakaa mji mmoja, wajumbe wanapeleka taarifa huko. Kwa hiyo wewe usiwaze tawi la Mpunguzi peke yake. Waza tawi la vibarua wa zabibu na alizeti, lenye katibu Dodoma mjini, wajumbe wawili watatu wanaofuata msimu, na mkutano mkubwa wakati watu wengi wako pamoja, yaani kwenye mavuno.

Mama_Mpunguzi: Hapo nimeelewa. Na lugha? Kuna wazee wanaosema Kigogo tu.

Msomaji wa Makole: Kwenye mgomo wa viwanda vya nguo Lawrence, Massachusetts, mwaka 1912, kamati ilikuwa na wajumbe wanne kutoka kila taifa kati ya mataifa 14, jumla 56, na mikutano ilitafsiriwa. Tafsirini hoja kabla ya kura. Mkitafsiri baada ya kura mtakuwa mnatangaza matokeo tu.

Nyundo_Manyoni: Komredi unaipendelea IWW waziwazi. Bila nidhamu ya kati hakuna mapinduzi. Yale masharti 21 ya kujiunga na Kominterni yalikuwa na sababu yake.

Msomaji wa Makole: Sababu ilikuwepo, sijaikana. Agosti 1914 chama cha wajamaa wa Ujerumani ndani ya Internasheno ya Pili, iliyoitangulia Kominterni, kilipiga kura kuidhinisha fedha za vita, na umoja wote ukaporomoka kwa sababu hakikuwepo chombo cha kukibana. Waliokaa Moscow mwaka 1920 walikuwa na kidonda hicho. Sharti la 16 likasema maamuzi ya mkutano na ya Kamati Tendaji yanafunga vyama vyote. Ninachokataa ni kamati kuwa na nguvu sawa na mkutano, halafu mkutano wenyewe uache kuitwa. Nidhamu naitaka. Naitaka kwa walio juu pia.

Kijana_wa_Chuo: Yote haya mambo ya wazungu.

Msomaji wa Makole: Industrial Workers of Africa, Johannesburg, 1917, wafanyakazi weusi. ICU, chama cha wafanyakazi cha Cape Town, 1919, kiongozi wake Clements Kadalie, kijana kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma 1947. Ungeuliza kabla ya kuhukumu ningekueleza kwa urefu.

Fundi_Nkuhungu: Sisi mafundi na saidia fundi tuko kama 15 kwenye saiti. Tunaweza kusajili chama?

Msomaji wa Makole: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka wafanyakazi wasiopungua 20, na mkishaunda mnaomba usajili ndani ya miezi sita. Watafuteni wenzenu wa saiti ya jirani.

Fundi_Nkuhungu: Fedha je? Mweka hazina wetu wa zamani aliziweka kwenye simu yake, laini ikapotea, ugomvi mpaka leo.

Mama_Mpunguzi: Sisi kwenye VICOBA sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti. Hafungui mmoja.

Msomaji wa Makole: Fuateni la mama. Na katibu asiwe mmoja wa hao watatu, yeye anashika daftari.

Mama_Mpunguzi: Hizo stempu tutachapisha wapi?

Msomaji wa Makole: Stika za kawaida zinatosha, duka lolote la steshenari lenye printa. Muhimu ziwe na namba zinazofuatana. Kwenye kaunta buku ya katibu andikeni mjumbe gani kachukua kuanzia namba ngapi hadi ngapi, na zilizobaki azirudishe msimu ukiisha zikahesabiwe mbele ya watu.