Mikindani kwa siku moja: panga safari kwa bamvua

Watu wengi hufika Mikindani, mji wa kale wa pwani karibu na Mtwara, wakapiga picha ya Boma, jengo la Wajerumani, wakiwa barabarani, wakarudi Mtwara ndani ya nusu saa wakisema hamna kitu. Mara nyingi wamefika maji yamekupwa na jua liko utosini, wakaanzia bondeni wakati walipaswa kuanzia kilimani.

Anza na siku. Ghuba ya Mikindani ni ya mviringo na kina chake ni kifupi, kwa hiyo maji yakitoka inabaki tope, mikoko na ngalawa zilizolala ubavu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua, yaani maji hujaa na kutoka kupita kawaida: hukupwa kabisa kati ya saa 4 na 5 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kama dakika 50. Ukitaka ghuba iliyojaa asubuhi, nenda wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, kuanzia tarehe 7 hadi 9 au 22 hadi 24 ya mwezi wa Kiislamu. Bamvua nayo ina faida yake kwa anayetaka kuona watu wakiokota chaza na kutafuta pweza, ila avae viatu vya kulowana. Kwa hali ya hewa, Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, njia ya kilimani huteleza.

Kutoka Mtwara mjini ni kilomita 11 hivi za lami, kwenye barabara ya Lindi. Daladala zinatosha. Ukichukua bajaji, mpatane kabla ya kupanda kama nauli ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi, na kama dereva atakusubiri. Anayetoka Lindi ana safari ya karibu kilomita 100, hivyo aondoke alfajiri. Apande gari la Mtwara, wala siyo la Masasi: njia zinaachana Mingoyo, na aliyepanda bila kuuliza huteremshwa hapo kutafuta gari jingine. Mwambie konda mapema kwamba unashukia Mikindani, maana gari likishapita mji halisimami ovyo. Beba noti ndogondogo.

Ukifika, panda kwanza kilima cha Bismarck, nyuma ya Boma, kabla ya saa 3. Tenga saa moja kupanda na kushuka, na maji ya kunywa lita moja kwa kila mtu. Ukiwa juu utaelewa kwa nini mji ulikaa pale, na kwa nini ulipitwa. Mlango wa ghuba ni mwembamba, ndani kumetulia: jahazi linakaa salama. Meli kubwa ni habari nyingine. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947 walihitaji kina kirefu, bandari ikajengwa Mtwara, na shughuli za serikali zikahamia huko. Mikindani ikabaki na majengo yake.

Shuka mpaka Boma. Wajerumani walilijenga mwaka 1895, likiwa ofisi na ngome kwa pamoja. Lilikuja kuchakaa vibaya, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikarabati na kuligeuza hoteli. Kwa hiyo pita mapokezi kwanza, uulize kama wageni wa siku wanaruhusiwa kuingia na kupanda mnara. Usijipeleke tu ngazini. Tazama mlango wa nakshi na matao: Mjerumani aliamuru, lakini mikono na mtindo ni vya pwani.

Chini ya kilima kuna jengo linaloitwa soko la watumwa. Ukarabati wake haukufanywa kwa uangalifu wa Boma. Matao yaliyokuwa wazi yamezibwa, na sura ya zamani imepotea. Dakika kumi zinatosha.

Muda wako uutumie mitaani. Nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao ni za wafanyabiashara wa Kihindi, duka chini na familia juu. Palipobanduka lipu chungulia ukutani uone mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, na upana wa chumba hufuata urefu wake. Utaona pia kuta zilizopigwa saruji zikivimba na kumeguka. Chokaa hupumua, saruji huziba; unyevu wenye chumvi ukikosa pa kutokea hula jiwe kwa ndani. Magofu tazama ukiwa nje. Boriti iliyoliwa na mchwa haionyeshi dalili mpaka umeikanyaga.

Mtaani humo kuna nyumba yenye kibao cha David Livingstone, aliyefika Machi 1866 katika safari yake ya mwisho. Alikusudia mto Ruvuma, lakini mikoko ya mdomoni mwa mto haikufaa kushushia ngamia, akaja Mikindani. Chuma na Susi, waliokuja kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo, walikuwamo katika msafara huo.

Huu ni mji wa watu. Piga hodi kabla ya kuingia uani, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na vaa nguo ya kusitiri magoti na mabega. Ijumaa kuanzia saa 6 mchana maduka mengi hufungwa kwa sala, hivyo kula mapema. Wali wa nazi na samaki ndio chakula cha hapa. Ukikuta ming'oko, yaani viazi vya porini, ya kuchemsha inauzwa barabarani, nunua.

Malizia ufukweni, kwenye gofu la gereza. Karibu yake upo mbuyu mkubwa wenye uwazi ndani, unaosimuliwa kwamba wafungwa wakorofi walifungiwa humo peke yao. Wa Mtwara anaweza kukaa hapo mpaka machweo. Wa Lindi awe ameshasimama barabarani saa 9, kwa kuwa magari yanayotoka Mtwara hupita yakiwa yamejaa kadiri jioni inavyoingia.